Mbona Anachezeshwa Tu? Mazoezi ya Mwili kwa Mtoto Mwenye Usonji Yanafanya Nini Hasa

"Namlipa mtaalamu hela yote hii halafu nikifika namkuta anarushiana mpira na mwanangu." Hiyo kauli utaisikia kwenye benchi la kliniki, kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi, hata kwa baba akiwa sebuleni anapiga hesabu ya nauli na ada. Upande mwingine kuna zile klipu zinazozunguka, mtoto anatambaa kwenye zulia, anabembea, anaruka kwenye trampolini, chini pameandikwa usonji umepona, piga namba hii. Yaani mmoja anasema mazoezi ni njia ya kula hela za watu, mwingine anasema ni dawa, na mzazi yuko katikati hajui ashike lipi. Mimi naona wote wawili wamekosea, na naomba tulifumue hili taratibu maana kuna watoto wanapoteza miaka hapo katikati.

Tuanze na usonji wenyewe. Hauambukizi, si laana, si matokeo ya mama kumdekeza mtoto wala kumpuuza. Ni namna ubongo unavyokua tofauti tangu mapema kabisa, na unagusa maeneo mawili makubwa. Kwanza kuwasiliana na kuchangamana na watu, pili ile hali ya kurudia vitu vilevile na kutaka utaratibu usibadilike, na hapo hapo zinaingia hisi ambazo zinaweza kuwa kali mno au hafifu mno, mtoto mmoja anaziba masikio blenda ikiwashwa, mwingine anajigonga ukutani na halii. Daktari Leo Kanner aliuelezea mwaka 1943 akiwa Marekani, alikuwa na watoto 11 tu kwenye maelezo yake. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mmoja kati ya 127 duniani ana usonji, hivyo kama mtaa wenu ni mkubwa basi wapo, hata kama hujawaona.

Na nikisema mazoezi hapa simaanishi yale ya kumnyoosha mtu aliyevunjika mguu. Namaanisha shughuli za mwili zilizopangwa kwa makusudi, kukimbia, kuruka, kusukuma, kubeba, kupanda, kuiga mtu mwingine anavyofanya, kwenda na mdundo, ili mtoto aweze kujifunza kitu. Wanaofanya kazi hii ni wataalamu wa tiba kwa vitendo, wale wengi tunawaita OT, pamoja na wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na wapo waliosomea hapa hapa kwetu, hospitali ya KCMC Moshi wanafundisha, chuo cha afya cha KMTC Kenya wanafundisha, ila ni wachache ukilinganisha na watoto wanaowahitaji.

Sasa swali ni mwili unahusianaje na kujifunza, maana ukimuuliza mtu yeyote barabarani usonji ni nini atakwambia mtoto haongei, hakutazami machoni, anapenda kukaa peke yake. Mwili hautajwi kabisa, na hata vigezo wanavyotumia madaktari kutambua usonji havidai mtoto awe na shida ya kuratibu mwili.

Kuna mtaalamu anaitwa Anjana Bhat, ni profesa wa fiziotherapia Chuo Kikuu cha Delaware kule Marekani. Huyu mama kwa miaka mingi kazi yake ni kuangalia watoto wenye usonji wanatembeaje, wanadakaje, wanaigaje. Mwaka 2020 alitoa ripoti ya watoto zaidi ya 16,000 wenye usonji, wazazi walijaza maswali ya mambo ya kawaida tu kama kudaka mpira, kuandika, kukimbia, na karibu asilimia 87 ya watoto walionekana wako kwenye hatari ya kuwa na ugumu wa kuratibu mwili. Asilimia 87! Lakini waliokuwa wanapata fiziotherapia walikuwa asilimia 32 hivi. Hiyo ni Marekani wenye wataalamu kuliko sisi, sasa jiulize huku.

Ukitaka kuona ugumu huo ukoje usiende hospitali, nenda darasa la kwanza ukae nyuma. Mtoto anateleza kwenye kiti, anajiegemeza mezani, anapandisha mguu mmoja, anashuka, anasimama. Penseli anaibana mpaka karatasi inachanika, au anaishika kilegevu mpaka mstari hauonekani. Vifungo vya shati vinamshinda, anashuka ngazi hatua moja moja huku kashika ukuta, mpira ukirushwa anaufumbia macho. Mwalimu ana watoto 70, anaandika kwenye ripoti "mvivu, hatulii". Mtoto si mvivu, huyo anafanya kazi ngumu kuliko wote darasani.

Hapa ndipo anapoingia bibi mmoja wa California anaitwa Jean Ayres, alizaliwa 1920 akafariki 1988, alikuwa OT na ndiye aliyelisukuma sana wazo kwamba mtoto hujifunza vizuri pale ubongo wake unapoweza kupanga taarifa zinazotoka mwilini. Shuleni tulifundishwa hisi tano ila zipo nyingine mbili ambazo hazisemwi sana. Moja iko ndani ya sikio, inakwambia umesimama wima au umeinama, unazunguka au umetulia. Nyingine iko kwenye misuli na maungio ya mifupa, inakwambia mkono wako uko wapi na unatumia nguvu kiasi gani. Fumba macho uguse pua yako, umeigusa bila kuiona, hiyo ndiyo kazi yake. Kwa watoto wengi wenye usonji taarifa za hisi hizi hazipangiki vizuri, zinafika zikiwa hafifu au zikiwa nyingi kupita kiasi, ndiyo maana mmoja anazunguka kama pia bila kizunguzungu na mwingine ukimpandisha bembea analia kama umemtumbukiza kisimani.

Mfikirie mtu anayejifunza kuendesha gari. Akili yake yote iko kwenye klachi, gia na vioo, sasa muulize tisa mara saba ni ngapi, hajibu, au anajibu gari linazima. Hesabu anaijua, ila kichwani hakuna nafasi. Dereva wa daladala wa miaka mingi anabadilisha gia huku anabishana na konda hesabu ya jana na hakuna kinachoharibika, kwa sababu mikono na miguu yake haimwombi akili tena. Mtoto ambaye kukaa wima tu kwenye dawati ni kitu cha kukifikiria yuko pale alipo mwanafunzi wa gari, halafu sisi tunamrundikia herufi, kelele za wenzake na sauti ya mwalimu juu yake. Mazoezi yanapunguza huo mzigo, mwili ukizoea nafasi inapatikana, na kwenye nafasi hiyo ndipo herufi inaingia.

Kuna sababu nyingine ambayo binafsi ndiyo inanishika zaidi, nayo ni lugha. Watafiti wanaofuatilia watoto wachanga, mmojawapo ni Jana Iverson wa Marekani, wameonyesha kwamba mwili ukipata uwezo mpya maneno nayo yanapata mlango. Mtoto anayetambaa akiokota mwiko anakaa nao palepale. Akianza kutembea anaubeba anakuletea jikoni, na wewe hapo unafungua mdomo, "asante mama, nipe na kifuniko, mpelekee dada, usidondoshe". Huyo mtoto kapata sentensi nne kwa sababu ya miguu yake. Sasa mtoto aliyechelewa kutembea, au anayetembea lakini haleti kitu kwa mtu, hizo sentensi hazimfikii, siku baada ya siku, na hakuna aliyemnyima kwa makusudi. Kwa hiyo mtaalamu akimfundisha mtoto kubeba kitu kutoka hapa akakiweka mkononi mwa mama yake pale, usione ni mchezo wa kupoteza muda.

Na kuiga je? Bhat na wenzake waliwahi kuchukua watoto 36 wenye usonji wa miaka 5 hadi 12, kwa wiki 8, wakawagawa makundi matatu. Wa kwanza walifanya michezo ya muziki na mdundo, wanaenda pamoja na mtu mwingine. Wa pili walikuwa wanaiga roboti. Wa tatu walikaa mezani, kusoma, kujenga vitu, sanaa. Mwisho wa siku wale wa mdundo na wa roboti walikuwa wameboreka kwenye uratibu wa mwili mzima, wale wa mezani wakaboreka kwenye kazi ndogondogo za mikono. Hilo tokeo wengine wanalipita haraka mimi nataka tulikalie kidogo, maana linakwambia mtoto anapata kile alichofanyia mazoezi. Akiruka trampolini mwezi mzima atakuwa mrukaji mzuri wa trampolini. Kama unataka ajifunze namba basi kuruka kuwe kwenye namba, na kama unataka azungumze basi bembea isukumwe pale anapoomba, kwa neno, kwa ishara au kwa kuonyesha picha.

Ndiyo maana kikao kizuri ukikitazama kwa karibu hakifanani na mchezo wa holela. Ukutani kuna picha nne, mtoto anajua kinaanza nini kinafuata nini, wasiwasi unapungua. Anaanza kwa kusukuma kapu zito la vitabu kutoka mlangoni mpaka dirishani, kazi nzito ya misuli huwa inawatuliza watoto wengi. Halafu kuna duara za chaki sakafuni, anaruka moja, mbili, tatu, mtaalamu anahesabu naye, ya nne mtaalamu ananyamaza kwa makusudi, anasubiri. Anasubiri sana, mpaka wewe mzazi kwenye kiti unatamani umsaidie. Mtoto anasema "nne" au ananyoosha vidole vinne, wanaendelea. Mwisho wa njia kuna bahasha, ndani yake herufi M, anaipeleka ukutani anaibandika kwenye jina lake. Ni dakika chache tu na ndani yake mna mizani, nguvu, kusubiri zamu, kuhesabu na jina lake mwenyewe. Ukiangalia kwa mbali utaona mtu mzima anaruka ruka na mtoto.

Na huku kwetu tuna mali ambayo hatuithamini. Ukuti ukuti ina vyote hivyo, kushikana mikono, kuzunguka kwa mwendo mmoja, kuimba pamoja, halafu wote chini kwa wakati mmoja. Rede, kuruka kamba, kombolela, zote zina zamu na kanuni na mwili. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hatengwi kwa ubaya, anaachwa tu kwa sababu anachelewa kuanguka wenzake wakishaanguka. Punguza mwendo wa wimbo, mpange katikati ya dada yake na mtu mzima, anza na watoto watatu badala ya kumi.

Twende kwenye ushahidi sasa, maana hisia nzuri peke yake haitoshi. Kwenye kukimbia ushahidi ni wa muda mrefu. Mwaka 1984 Kern, Koegel na Dunlap walilinganisha dakika 15 za kukimbia kwa nguvu na dakika 15 za kucheza mpira taratibu, baada ya kukimbia zile tabia za kujirudia zilipungua kila mara, baada ya mpira wa taratibu hazikubadilika sana. Mwaka 2011 Oriel na wenzake wakachukua watoto 9 wadogo, dakika 15 za kukimbia kabla ya kazi ya darasani, na majibu sahihi yaliongezeka, ila muda wa kutulia kwenye kazi haukubadilika kwa kiasi cha kujivunia. Kule Iran mwaka 2012 Bahrami na wenzake waliwafundisha watoto wenye usonji kata za karate, yaani mfuatano wa hatua na mapigo uliopangwa, wiki 14, tabia za kujirudia zikapungua sana. Na mwaka 2020 jopo la wataalamu wa Chuo Kikuu cha North Carolina lilipopitia tafiti za miaka mingi liliweka mazoezi na harakati za mwili kwenye orodha ya njia 28 zenye ushahidi. Angalia lakini, makundi mengi ni madogo, watoto tisa si taifa, na kinachopimwa mara nyingi ni kile kinachotokea muda mfupi baada ya mazoezi.

Kuna jambo lingine mzazi ana haki ya kulijua. Ile tiba ya hisi iliyotoka kwa Ayres, ya kumchezesha mtoto kwenye bembea na vifaa vingine ili taarifa za mwili wake zipangike, ilipimwa Uingereza kwa watoto 138, utafiti ukaongozwa na Chuo Kikuu cha Cardiff, matokeo yakatoka 2022, na kwa ujumla haikuonekana kushinda huduma za kawaida kwenye kupunguza hasira na tabia ngumu, ingawa wazazi waliona watoto wao wamesogea kwenye malengo yao binafsi waliyokuwa wamejiwekea. Mimi nasoma hivi, ukimpeleka mtoto kwenye bembea ukitegemea atageuka mtu mwingine utasikitika, ukimpeleka na lengo moja dogo linaloeleweka una nafasi nzuri zaidi.

Na zile klipu za kutambaa? Historia yake ni ndefu. Glenn Doman na Carl Delacato wa Philadelphia, Marekani, walianza zamani, miaka ya 1950 na 60, wakidai ubongo ulioumia unaweza kupangwa upya kwa kumrudisha mtoto kwenye hatua ya kutambaa, watu wazima kadhaa wanamshika mtoto kichwa, mikono na miguu wanamsogeza kama anatambaa, mara nyingi kwa siku, kila siku. Familia zilijitoa kabisa, majirani wakaja kusaidia kwa zamu. Chama cha Madaktari wa Watoto Marekani kimetoa tamko kuhusu njia hiyo mwaka 1968, 1982 na 1999, kwamba hakuna uthibitisho kuwa inafanya kazi na mzigo wake kwa familia ni mkubwa. Hizo ni zaidi ya miaka 50 ya onyo, bado leo mtu anauziwa kwa mpesa. Tofauti yake na kazi nzuri utaiona kirahisi, pale mtoto anasogezwa, hasogei mwenyewe. Hachagui, haombi, hasubiriwi.

Nigusie mengine yanayosemwa. Kwamba mtoto asiyetulia akalishwe chini zaidi, tena kwa fimbo. Hapana, huyo mara nyingi ndiye anayehitaji kusogea kwanza ili aweze kukaa, na fimbo inamfundisha kuogopa darasa basi. Kwamba kupepea mikono ni lazima kukomeshwe. Watu wazima wenye usonji wanaeleza wenyewe kwamba inawatuliza au ndiyo furaha yao inavyotoka, kwa hiyo kama hajiumizi na haimzuii kujifunza mwache, lengo la kukimbia asubuhi si kumfanya aonekane kama wengine. Kwamba mazoezi yakianza mtaalamu wa lugha hana kazi tena, hapo mtu anakudanganya, hivi vitu vinaenda pamoja. Na kwamba kila mtoto afanye zoezi lile lile, wakati kuna anayetulia akizungushwa na kuna anayetapika.

Kabla hujaanza mbio na mwanao kuna tahadhari mbili tatu. Watoto wenye usonji wanapata kifafa zaidi ya watoto wengine, kama amewahi kudondoka au kuganda macho bila maelezo muone daktari kwanza. Wengi hawasemi kiu wala maumivu, kwa hiyo maji unampa kwa saa, usisubiri aombe. Na wanaopenda kukimbia wanaweza kukimbia moja kwa moja, barabarani au kwenye maji, maji yanawavuta wengi wao na ndiyo yanayowaua wengi, uwanja uwe na uzio au uwe na mtu wa pili.

Kwa mtaalamu nenda na maswali, si ukorofi ni haki yako. Lengo la miezi mitatu hii ni nini, kwa sentensi moja. Tutajuaje kama tumefika. Nyumbani nifanye nini kwa vitu nilivyonavyo. Anayejua kazi yake atafurahi, atakwambia tunataka avae viatu mwenyewe, au akae dakika tano kwenye kitabu, na atakutajia dumu la lita tatu la maji, godoro la zamani, ngazi za nje. Anayekujibu kwamba usonji utaisha, au anayekuuzia na vidonge vya lishe juu yake, au asiyetaka uingie kuona kikao, huyo chukua mtoto uondoke.

Na shule usiiache nyuma. Ukienda kwa mwalimu mkuu nenda na ombi dogo linalowezekana, dakika kumi na tano za kukimbia uwanjani kabla ya kipindi cha kwanza, hata wakikimbia darasa zima ni sawa, na katikati ya masomo mtoto wako awe ndiye anayetumwa kubeba madaftari ya wenzake mpaka ofisi ya walimu. Muombe mwalimu wa darasa aandike kwa wiki mbili, siku alizokimbia na siku ambazo hakukimbia, alikaa muda gani na alimaliza maswali mangapi. Karatasi hiyo ipeleke kwa mtaalamu kikao kinachofuata, ataipenda kuliko maelezo yoyote utakayompa kwa mdomo.